Mbao za Upande wa Kivuli

Ngalula alikuja kwangu Kolwezi mwezi uliopita bila kutoa habari, amenenepa, amevaa miwani, goti moja likimsumbua. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango langu akimfokea yule dereva kijana kana kwamba mashimo yote ya barabara ameyachimba yeye. Sikumjua. Nilisimama na ufagio mkononi nikimtazama, mpaka akacheka, na kile kicheko, mawe, mama yangu, kile kicheko nilikijua kabla sijalikumbuka jina. "Serafina, unanisahau mi? Mi Ngalula, wa mulango ya pili!" Tukashikana pale pale, vikongwe wawili, ufagio katikati, majirani wakitukodolea macho. Nilimpikia matamba, majani ya muhogo, kwa mawese na samaki mkavu, nikasonga bukari, ugali wetu, na alipokuwa ananawa mikono akaniambia habari ya kaka yake, kwa sauti ile ile ambayo angeniomba chumvi: "Yaya Kabeya alikufa. Kiangazi hiki chenye kupita." Sikulia. Nilimwongezea bukari kwenye sahani iliyokuwa imejaa tayari, nikaongeza tena, mpaka akanishika mkono. "Inatosha, mama," akasema. "Inatosha."

Nilikuwa na mume mwema, Mungu ampumzishe, na sitaki mtu asome hapa akadhani ninamsema marehemu. Nilimzalia watoto, tuligombana, tulicheka, tukazeeka pamoja. Lakini kuna mwaka mmoja ambao moyo wangu ukiachwa peke yake unarudi huko bila kuulizwa, nao ni ule mwaka wa kufukuzana, nilipokuwa msichana wa kuolewa pale Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi. Ukiniuliza niliufanyia nini mwaka ule, nitakujibu kweli: niliangalia ukuta. Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani na nani alitoka Manono kuja kutafuta kazi ya migodi, siyaingii. Mama alikuwa ameshatutoka, tulibaki mimi na Tata, baba yangu, basi.

Nyumba za Kapata, Kampuni ya migodi ilizijenga mbili mbili, zimeungana ubavu: paa moja, ukuta mmoja katikati, mlango wetu huku, mlango wa akina Kabeya kule. Kupitia ule ukuta wa katikati nilijua maisha yao yote. Mama Kabeya akikohoa alfajiri, Ngalula akiimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyobuni mwenyewe, Kabeya akitafuta viatu vyake na kumshitaki kila mtu aliyemo nyumbani. Nao walijua yetu. Tata akipiga chafya, sauti ilimjibu kutoka upande wa pili: "Santé, Tata Numbi!" Naye alijibu kwa heshima zote, "Aksanti, Mama," akiangalia ukuta. Nikiwa mtoto niliona ni jambo la kawaida, nikafikiri duniani kote kuta hujibu.

Ugonjwa wa ile nyumba ulikuwa nyuma. Kampuni ilipanda huko mikaratusi, mistari mirefu imesongamana, na nyuma ya mikaratusi kulikuwa na kilima cha udongo uliotolewa mgodini, kila mwaka kikizidi kwenda juu. Jua lilitupitia mbele tu. Upande wa nyuma tulilisikia kwa majirani. Na chini ya bustani za mboga ardhi ilikuwa ya chepechepe, vyura walilia hata mchana. Mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma unakunywa, na kiangazi kikija haupati jua la kuukausha. Lipu ilivimba, ikamomonyoka, ukungu wa kijani ukapanda hadi dirishani. Zamani haikuwa kitu. Kila kiangazi lilikuja lori la Kampuni na waashi wake, wakakwangua, wakapiga lipu mpya na chokaa, wakaondoka. Sisi watu wa Kapata hatukujua kutunza nyumba, tuseme ukweli. Taa ikiungua tulikwenda kuandikisha ofisini, tukarudi kukaa gizani tukingoja. Mwaka ule lori halikuja. Kazi zilikuwa zimeporomoka, mshahara ulikuja mara moja moja kisha ukaacha kabisa, na bado wanaume walikaa milangoni jioni, masikio yao yako barabarani, wanangoja kusikia lori.

Kabeya alifanya kazi garaji. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, mikono haitoki mafuta hata aoge vipi, na alipokuwa akicheka aliziba mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo. Mwisho wa mvua wazee wake walikuja kuzungumza na Tata, Tata akakubali, na tangu siku ile nikawa chini ya heshima ya buko, yaani heshima ya wakwe: nisiingie nyumbani kwao, nisile mbele ya Mama Kabeya, nisimtazame usoni, mpaka siku ya arusi. Mimi! Mimi niliyekulia jikoni kwake nikikwangua ukoko wa sufuria! Jana yake alikuwa akinipiga kofi la mgongo kwa ulafi wangu, leo nikimkuta bombani napiga goti na kuangalia vidole vyangu vya miguu. Ngalula, tuliyekuwa umri mmoja, alikuwa akifa kwa kicheko. Alipita kati yetu makusudi, akisema, "Mama, muko wako anakusalimia, lakini aibu imemushika shingo."

Chumba chetu kingekuwa kile cha nyuma. Kilikuwa chumba cha wazazi wa Kabeya, sikuwahi kukikanyaga hata utotoni, na sasa Mama Kabeya, aliyekuwa mjane, alihamia chumba cha mbele na Ngalula ili atuachie. Lakini siku alipovitoa vitu vyake aliona ukuta ulivyokuwa nyuma ya kabati. Nilimsikia kupitia ukuta wa katikati akisema "Mawe, mawe, mawe," mara nyingi. Kisha akatoka uani, akamwita Tata, nami nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni nisikilize. "Tata Numbi," akasema, "mi sitaingiza mutoto yako mu ile chumba. Ukuta inalia. Bibi arusi hawezi kulala na ukuta yenye kulia, atazaa batoto ba kukohoa sawa mi. Ukuta ikauke. Mvula moya kubwa ipite, mi niguse na hii mukono yangu, njo tutaita bantu." Ndivyo arusi yangu ilivyofungwa kwenye ule ukuta, mpaka mvua kubwa ya kwanza iupime. Wasichana wengine walingoja vitenge, mimi nilingoja lipu.

Baraza la ukuta lilikaa Jumapili moja baada ya misa, kwenye baraza yetu, juu ya chakula. Mama Kabeya alileta nshima, ugali wake, yenye unga mwingi wa muhogo kama watu wa kwao Kasai wanavyopenda, na Tata aliichokoza kwa kidole kama kawaida yake. "Mama, hii ni chakula ao ni gundi?" "Kula, Tata. Gundi njo inashikaka mifupa ya bazee." Mimi nilikula jikoni, peke yangu, chini ya dirisha, sahani magotini. Ile sauti ya watu ninaowapenda wakila na kubishana, huku nimekatazwa kuwaona, mpaka leo sijapata chakula kitamu kama kile.

Kabeya alitaka sima, yaani saruji. "Tunakwangua yote, tunapiga sima muzito, inaisha," akasema. Mama yake akamkata: "Sima itafunga maji ndani. Tata yako alifanya vile ku jikoni. Uliona? Ilianguka yote mu sufuria." Nilikumbuka, tulitafuna mchanga siku nzima. Tata alitaka malata, mabati: akate mapipa ya mafuta, ayanyooshe kwa nyundo, ayapange. "Malata?" akasema Mama Kabeya. "Na moshi ya usini? Uangalie paa ya kanisa. Padri anabatiza bantu na mvula." Kweli, moshi wa kiwanda ulikuwa umelitafuna bati la kanisa, na Tata alicheka mpaka akapaliwa. Ikabaki mbao, na mbao ziliwagawa kabisa. Mama Kabeya alisema mbao kivulini zinaoza. Kabeya akasema inategemea mti: kuna mubanga, mti mgumu wa misitu yetu, mchwa anautazama tu anapita, miguu iwe ya mubanga, na mbao zenyewe ziwe za mulombwa, zile nyekundu. Akasema ameona nguzo ya mubanga katika kijiji cha mjomba wake, imesimama tangu kabla mjomba hajazaliwa. Nilimnong'oneza Ngalula aliyekuja kuchukua maji: waambie mbao. Akarudi barazani, akatangaza: "Bibi arusi anasema mbao, ao anarudisha posa!" Nilitaka ardhi inimeze. Kabeya nilimsikia akiziba mdomo.

Hapo Tata akaweka kijiko chini. Alikuwa karani wa bohari ya Kampuni tangu ujana wake, na alikuwa na namna ya kusema neno Kampuni kama wengine wanavyosema Kanisa. "Mbao, sawa," akasema. "Lakini musumari hauingii mu ukuta ya Kampuni. Hata moya." Walimwangalia. Ngalula ndiye aliyethubutu: "Kampuni iko wapi, Tata? Hata lori haikuye." "Itakuya!" Tata akapiga meza. "Na siku itakuya watakuta ukuta yao haina tundu. Mi sitafukuzwa mu nyumba juu ya musumari!"  Mama Kabeya aliangalia nshima yake. Na Kabeya, naye alikuwa chini ya buko kwa baba yangu, hangeweza kumpinga hata kama angetaka. Kutoka pembeni alipokaa bila sahani akasema kwa adabu, "Basi, Tata, hatutaigusa. Tutaisimamishia ukuta ingine mbele yake."

Ndivyo tulivyofanya, na watu wa Kapata walitucheka kiangazi kizima. Tulichimbia nguzo za mubanga mbele ya ukuta, toka kona yao hadi kona yetu, tukaacha nafasi ya kuingiza mkono kati ya mbao na matofali, ili Kampuni isije ikakuta hata mkwaruzo. Ukuta wa mbao usiogusa kitu, umesimama peke yake nyuma ya nyumba! "Nyumba ya Numbi inasikia baridi," walisema wapita njia, "imevaa koti." Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria upepo, nakuapia. Ilikuwa woga wa mzee na adabu ya mkwe, basi. Lakini ile nafasi ndiyo iliyouponya ukuta. Upepo uliingia chini ukatokea juu, mchana na usiku, na baada ya wiki kadhaa ile kijani ilianza kugeuka kijivu, kisha ikapukutika yenyewe. Fundi mwenye vyeti asingefanya vizuri zaidi, nasi tulifanya kwa kumwogopa bwana aliyekwisha kufa.

Kabeya aliitoa baiskeli yake kwa wapasua mbao wa ng'ambo ya mto Lualaba ili apate mbao, akawa anakwenda garaji kwa miguu. Alichoma ncha za nguzo kwa moto kabla ya kuzichimbia. Mubanga ulimtesa: misumari ilijikunja, ikabidi atoboe kila tundu kwanza. Mbao alizilaza, ya juu inaifunika ya chini kidogo, na ya mwisho kabisa aliiinua isiguse ardhi, maji ya kuruka yasiifikie. Mimi kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta machafu ya injini kwa kitambaa. Uani niliruhusiwa, mradi Ngalula awepo, naye aliketi kwenye kigoda akibambua karanga, ametugeuzia mgongo, akipiga kelele mara kwa mara: "Mi naona yote!" Harufu ya yale mafuta na ya mulombwa uliokatwa karibuni, nyekundu, tamu kidogo, ikinipata leo hata sokoni, nasimama. Nimewahi kumkosea muuza mbao mmoja adabu, nikasimama kwake asubuhi nzima bila kununua kitu.

Siku alipofika kwenye dirisha la kile chumba alifanya kazi kutoka ndani, mimi nikishika mbao kwa nje. Tulikuwa karibu kuliko siku zote, dirisha tu katikati, na nisingeweza kuchungulia, heshima inakataza. "Serafina," akasema polepole, "dirisha utapenda ikuwe wapi?" "Dirisha iko pale pale, we mujinga." "Najua. Nilitaka useme kitu tu." Nikacheka nikiangalia pembeni. Ndipo akaanza kunieleza chumba. Kitanda kitakaa huku, asubuhi tutasikia mama anawasha makaa kwenye mbabula. Mashine yako ya kushona utaiweka hapa, kuna mwanga kidogo. Hapa kuna ufa, unafanana na mto Lualaba, sitauziba. Alieleza na kueleza, naye Ngalula kwa mara ya kwanza akanyamaza, akaacha hata karanga. Nilikijua kile chumba kama mtu anavyojua mji anaosimuliwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na sioni haya kusema hivyo nikiwa na wajukuu.

Mwanangu mkubwa anajenga sasa, huko bondeni, mahali pa majani mengi na jua kidogo, naye kila Jumapili ananiletea vipande vya kitu cha kufunika kuta: vya plastiki, vya bati lililopakwa rangi ya mbao, vinavyoletwa kwa makontena. Ninamuuliza, kitadumu? Anacheka. "Mama, ya nini kidumu? Kesho watasema chini yetu kuna kobalti, tutahamishwa." Hana kosa. Mtaa wa Kasulo watu wamechimba chini ya vitanda vyao wenyewe, nani atahangaika na ukuta? Lakini mimi humwangalia nikamhurumia. Mtu anayeuliza kama mbao hii itafika siku ya wajukuu wake, huyo anasema: tuko hapa, hatuendi mahali. Akina Kabeya waliuliza swali hilo kiangazi kizima, kwa sauti, kila jirani akisikia, mwaka ule ule ambao redio ilikuwa imeanza kusema kwamba Wakasai, yaani akina Kabeya na wenzao, warudi kwao.

Mwanzoni tuliizima redio. Kisha maneno yakaja bila redio. Bombani mwanamke mmoja alichota maji mbele ya Mama Kabeya bila kumsalimu, naye walikuwa wamesindikizana hospitali kujifungua. Kuta zikaandikwa kwa makaa. Vijana wenye fimbo wakaanza kupita, wakiwaita watu wadudu, wadudu, na wengine walikuwa vijana tuliosoma nao katekisimu. Garajini Kabeya aliambiwa asirudi. Alirudi nyumbani mapema, akavua shati, akaenda nyuma, akapigilia mbao ya mwisho ya juu. Nilimsikia akipiga nyundo. Mama yake alikuwa jikoni akisema peke yake, "Kwetu ni wapi? Kwetu ni wapi? Huyu mutoto nilimuzalia hapa, ku hospitali ya Kampuni." Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri, yanatishia, yanaondoka. Tuliyaangalia sote. Tulitaka ile mvua kama watu wa shamba, Mungu wangu, tulifikiri mvua kubwa ikinyesha, Mama Kabeya akigusa ukuta, arusi ikifanyika, basi hawatathubutu kuwafukuza.

Walithubutu asubuhi moja, kabla ya mvua. Walisimama uani, wengi, wakisema nyumba iwe tupu kabla ya jua kwenda upande. Tata alitoka mlangoni kwetu akiwa amevaa koti lake la kazi, akasimama kwenye mlango wa akina Kabeya, akainua mkono. "Hii nyumba ni ya Kampuni!" akapaza sauti. "Hamuwezi kufukuza muntu mu nyumba ya Kampuni! Mulete karatasi ya Kampuni!" Kwanza walishangaa. Halafu mmoja akaanza kucheka, wote wakafuata. "Muzee, Kampuni ilikufa. Hata we hawakukuambia?" Hawakumpiga. Walimsogeza kando tu, kwa upole, kama unavyosogeza kiti, na nilimwona baba yangu anaangalia mikono yake. Mama Kabeya alibeba sufuria, godoro na picha ya mumewe. Funguo alimwekea Tata mkononi, akamfunga vidole juu yake.

Pale stesheni walikuwa maelfu. Watu walilala kwenye mikeka, chini ya mabehewa, kwenye madarasa ya shule ya jirani, juu ya magunia yao. Sisi tulikwenda kila siku na chakula. Siku ilipotangazwa kwamba treni inaondoka kuelekea Tenke na mbele huko, hadi Kasai, Tata aliniamsha, nikakuta amenifungia furushi langu mwenyewe: vitenge vyangu, sahani, shuka. Tukaenda stesheni. Alipomfikia Mama Kabeya alivua kofia. "Mama," akasema, "mutoto njo huyu. Sitaki kitu. Mali hapana, karamu hapana. Muende naye." Mimi nilipiga goti vumbini, macho chini. Kabeya alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na godoro begani. Niliviona viatu vyake tu. Nilimwomba Mungu kitu kimoja.

Mama Kabeya aliivuta sufuria yake. Kisha akaketi chini, palepale mbele yangu, akafungua sufuria, akamega nshima, akachovya kwenye mchuzi, akaninyooshea. "Kula," akasema. Sikuelewa. Mtu chini ya buko hali mbele ya mkwe wake, kila mtu anajua. "Kula, Serafina. Uniangalie, na ukule." Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi. Nikafungua mdomo, akanilisha kama alivyonilisha nikiwa mtoto, nami nikatafuna mbele yake nikiwa nalia, na Tata akageuka, kwa sababu yeye alikuwa ameelewa kabla yangu. Alikuwa ananifungua. Ukishakula na mtu hivyo, huyo si mkwe wako tena. "Kule tunaenda sina hata ukuta moya," akasema. "Batoto banakufa mu hii treni. Mi nilisema sitaingiza mutoto ya bantu mu chumba ya kulia, sasa nimuingize wapi? Bakia na tata yako." Kabeya alisema, "Mama." Neno hilo tu. Na mama yake hakugeuka, akaendelea kunilisha mpaka sufuria ikaisha.

Tuliongea kidogo mimi na Kabeya, kwenye mlango wa behewa, watu wakitusukuma. Alisema atarudi mvua zikiisha. Nilisema nitangoja, nikangoja, viangazi kadhaa, mpaka mtu alipoleta habari kwamba kule Kasai, mjini Mwene-Ditu, alikuwa ameoa. Sikumkasirikia. Ngalula ameniambia mwezi uliopita kwamba alikuwa na kazi nzuri, watoto wema, na kwamba alicheka mpaka mwisho akiziba mdomo, ijapokuwa jino lilikuwa limetengenezwa zamani.

Treni iliondoka mchana. Tulirudi Kapata na furushi langu, Tata akilibeba, na tulipofika mlangoni mawingu yaliyotutishia wiki nzima yakafunguka. Mvua ile sitaisahau. Mikaratusi ililala, kilima cha mgodi kikatoweka, uani maji yalikimbia na vigoda vya watu. Tata alisimama dirishani akiangalia. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za akina Kabeya, akaniwekea mkononi. "Enda uangalie," akasema.

Nilipita barazani, nikafungua, nikavuka sebule yao tupu, jiko lao, nikaingia chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua. Nje maji yalipiga mbao kwa nguvu, na sauti yake ilikuja kutoka mbali kidogo, kutoka upande wa pili wa ile nafasi. Niliweka kiganja ukutani, chini, nikakipeleka polepole hadi kona, kisha juu, kisha chini ya dirisha, kila mahali mkono ulipofika. Kutoka kwetu, kupitia ukuta wa katikati, nikasikia sauti ya Tata.

"Serafina! Maji inaingia?"

"Hapana, Tata."

"Hata ku kona?"

"Hata ku kona. Iko kavu yote."

 Nilimsikia anavuta kiti, anakaa, anainuka tena.

"Basi, ukae mule kidogo, mwana," akasema. "Bukari mi nitapika."

Nilikaa mpaka mvua ikaisha.